Ufa wa Chumba cha Karani

Jumatatu, 3 Machi

Miguu! Nyumba tisa leo, na ngazi sijui ngapi — niliacha kuhesabu kwenye nyumba ya sita. Na kila mlango maneno yale yale: hodi, ni mimi Mama Funguo, nimekuja na injinia, hatubomoi, tunaangalia nyufa tu. Kufika adhuhuri ulimi umekuwa kipande cha mbao.

Kazi hii nimepewa kwa sababu ya sura, si elimu. Injinia alisema mwenyewe siku ya kwanza: mama, wewe wanakufungulia, mimi wananiona mtoza kodi. Ni msichana tu, ningeweza kumzaa. Mpole, ila hachoki. Na ni kweli wananifungulia. Miaka kumi na tisa nashika funguo za mahakama ya zamani. Asubuhi nawafungulia wanawake wa ushirika waingie kwenye cherehani zao, jioni nafunga, nafagia vipande vya nyuzi. Nani asiyenijua? Basi kwa miezi miwili naazimwa mchana. Mimi mbele, yeye nyuma na tepu yake, tochi na kompyuta bapa.

Treni itapita chini ya ardhi. Mtambo unaochimba watu wameshaubatiza jina, Fuko. Uko mita ishirini na mbili chini, huuoni wala huusikii, ila udongo ulio juu yake hukaa kidogo, kama godoro kuukuu. Nyumba mpya hazijali. Hizi za zamani za mawe na chokaa ndizo zenye kesi — hazijui kupinda, zinajua kupasuka. Kwa hiyo kila moja inapewa alama. Kwanza alama za ardhi itakavyozama pale ilipo. Halafu zinajumlishwa na alama za udhaifu wake: ina ufa? ukuta umelala? ina tao la mawe ndani? Jumla ikifika tatu nyumba inapimwa upya, inawekewa vipimo, ikibidi inaegemezwa nguzo. Chini ya tatu, inaachwa, Fuko anapita zake.

Mahakama yetu ilikaguliwa Februari na wenzake Injinia, kabla mimi sijaajiriwa. Moja! Mwenyekiti wa ushirika aliitangaza ukumbini kama matokeo ya mtihani, cherehani zote zikasimama, vigelegele.

Mama yangu kala vizuri leo. Alhamdulillahi. Mimi nimeswali nimekaa, magoti yamegoma.


Jumanne, 4 Machi

Nyumba saba. Katika moja mwenye nyumba alitufuata chumba hadi chumba akitutambulisha kwa nyufa zake kama anaonyesha wajukuu. Huu ni wa mwaka ule wa mvua kubwa. Huu ulianza walipojenga jirani. Huu, siku mke wangu alipofunga virago. Injinia akaandika yote! Nje nikamwuliza, hata la mke? Akasema tarehe ni tarehe, mama.

Nimecheka hadi mbavu. Mara ya kwanza tangu nianze kazi hii.


Alhamisi, 6 Machi

Leo kwa Fundi Saa. Mzee wa watu, ametengeneza saa za mtaa mzima, anaishi juu ya duka lake peke yake. Alitupokea vizuri — vizuri kupita kiasi. Karibuni, karibuni, kaeni, msichoke. Injinia akapanda darini na tochi. Mimi nikabaki chini naangalia.

Kabati. Limesimama mahali ambapo kabati halisimami, nusu yake imeziba dirisha. Na sakafuni, upande wa pili wa chumba, alama nne nyeupe za miguu yake. Mimi mtu wa ufagio, alama za namna hiyo hazinipiti.

Nikamwambia taratibu, mzee wangu, tulisogeze. Akasema zito. Nikasema nina mabega. Akasema ndani mna vyombo vya marehemu mke wangu. Nikasema tutavitoa kimoja kimoja, Bismillahi. Akanitazama. Binti, wewe na kabati langu mna nini?

Nikamjibu hivi. Nayaandika kama nilivyoyasema, maana yananirudia tangu saa ile: mzee wangu, ufa si aibu. Kuuficha ndiyo hatari. Wakijua watakusaidia.

Tukalisogeza. Subhanallah! Kutoka dirishani hadi sakafuni, kidole kinaingia. Injinia kashuka na utando wa buibui kichwani, kapiga picha, kapima, kaandika. Jumla nne. Maana yake ahame mwezi mzima, ukuta uegemezwe.

Alitusindikiza hadi mlangoni. Injinia alimpa mkono, mimi hakunipa. Umeniumbua, binti. Hilo tu.

Sijala. Mama kaniuliza, nimemwambia tumbo.


Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Nyumba mbili tu, tukarudi. Nimechoka bila kazi — na huo ndio uchovu mbaya.


Jumapili, 9 Machi

Haya. Niandike, daftari halina mdomo.

Kuna ufa chumbani kwetu. Ulikuwepo, na upo.

Chumba chetu kilikuwa cha karani enzi za mahakama. Kiko nyuma ya ukumbi wa cherehani, na kati yake na ukumbi kuna tao kubwa la mawe lililozibwa kwa matofali; upande wa ukumbi limefunikwa na lipu, halionekani. Juu ya tao hilo ndipo. Ulianzia kwenye jiwe la katikati ukapanda kwa kwenda kulia mpaka darini. Tuliukuta tulipohamia. Nimeuangalia kila nilipomlisha Mama uji, naujua kama mistari ya kiganja changu. Maana kitanda cha Mama kiko chini yake. Upande wa pili kuna unyevu, na kifua chake hakipatani na unyevu.

Mwishoni mwa Januari Mwenyekiti alikuja mbio, mtandio mkononi. Wakaguzi wiki ijayo! Sisi tulielewa wanakuja kuamua nyumba ipi ni gofu ivunjwe. Hakuna aliyetuambia vingine. Akasimama katikati ya chumba akatazama juu. Mdogo wangu, mgeni haonyeshwi chungu kilichopasuka. Na si tuliimbishwa shuleni, usipoziba ufa utajenga ukuta? Basi ziba.

Nikaziba. Na nilijua namna. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa chokaa, nilimchanganyia miaka kumi na moja. Nikachekecha mchanga laini, chokaa nikailoweka siku tatu, nikajaza kwa kisu cha mezani, nikasugua kwa gunia bichi. Kisha nikapaka ukuta mzima, tao likafunikwa nalo, hadi nyuma ya kitanda, kiraka kisijitokeze. Wallahi ilikuwa kazi safi. Mama alikuwa kitini ananitazama, akasema, mumeo angekuposa tena.

Wakaja. Wakapiga picha, wakagusagusa, wakasifu, wakanywa chai. Ardhi, moja. Udhaifu, sifuri.

Na mimi huyu, kwa mdomo huu, ndiye niliyemwambia mzee wa watu ufa si aibu!

Astaghfirullah. Sikudanganya kwa neno hata moja. Nilidanganya kwa chokaa.


Jumanne, 11 Machi

Nilimwuliza Injinia leo, kwa kuzunguka mbuyu na msitu wake. Tulikuwa tumekaa ngazini tunakula mkate na chai. Nikasema, mwanangu, tuseme nyumba ilikuwa na ufa zamani, mtu akauziba vizuri kabisa. Imepona?

Akatabasamu. Akasema ufa wa kuzibwa kwa chokaa haujaungana, umefunikwa. Ukuta bado ni vipande viwili vinavyovumiliana. Akachukua mkate wake akaumega, akaurudisha ukashikana. Ukiutazama mzima, eti? Akauinua. Kipande kikatumbukia kwenye kikombe changu.

Pole, mama! Nikasema si kitu. Nikanywa na makombo yake.

Halafu akaniuliza kwa nini, kuna nyumba? Na macho yake kweli yalikuwa yananisubiri. Nikasema nauliza tu.

Nauliza tu! Ulimi wangu huu utakuja kunitolea ushahidi mbele ya Mola, na utakuwa shahidi mzuri.


Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Mwenyekiti. Alikuwa mezani na mkasi mkubwa anakata sare za shule, chaki sikioni. Nikamwambia yote, alama, tao, mkate. Nikasema tuseme, dada.

Hakusimamisha mkasi. Tuseme tuambiwe nini? Nikasema waje wapime upya. Wakipima upya watafunga ukumbi, akasema. Wanawake arobaini. Shule zinafunguliwa mwezi ujao, kuna mashati mia saba hayana vifungo. Tukashonee wapi, barabarani, magari yatuburuze na cherehani zetu?

Akaweka mkasi chini. Akasema kwa upole — na upole ndio ulionimaliza — mdogo wangu, chumba kile ni cha mlinzi wa jengo. Jengo likifungwa, mlinzi wa nini? Mama yako utamlaza wapi na kifua kile?

Kisha: ukuta umesimama miaka mia na ushee. Fuko anapita siku mbili, tatu. Tusali.

Nasali, dada.

Basi sali zaidi.


Ijumaa, 14 Machi

Injinia kanionyesha kwenye kompyuta mahali Fuko alipo. Mstari mwekundu, na nukta inayotembea. Mita mia na themanini kutoka kwetu, na anakwenda mita kumi na mbili kwa siku. Nimehesabu kwa vidole, kisha kwa karatasi, kisha kwa tasbihi. Mara zote tarehe ishirini na tisa. Jumamosi. Atakuwa chini ya kitanda cha Mama.

Jioni nikasema, Mama, tusogeze kitanda. Kwa nini? Nikasema hewa. Akasema hewa ninayo. Nikasema basi mabadiliko kidogo. Akasema we mtoto, nina miaka themanini na mbili, badiliko lililonibakia ni moja tu na hilo halihitaji kitanda.

Nikajaribu kukivuta mwenyewe naye akiwa juu yake. Kitanda kikalia, yeye akacheka, mimi mgongo ukalia pia. Kimesogea kiasi cha shubiri. Shubiri moja, jamani, mbele ya ukuta wa mawe!


Jumatatu, 17 Machi

Fundi Saa amehama leo. Tulimkuta njiani na saa zake ndani ya vikapu, kila moja inagonga kwa wakati wake, akipumzika kila baada ya nyumba tatu. Nilichukua kikapu kimoja bila kumwuliza. Hakukataa. Tukatembea hadi kwa binti yake, mimi nabeba saa kumi na moja zinazobishana.

Mlangoni akasema, na ninyi kule mahakamani? Nasikia moja. Nikasema ndiyo. Akasema Mungu anawapenda.

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli.

Mzee alificha ufa kwa kabati, nikafikiri njiani nikirudi, lakini aliposhikwa alilisogeza. Mimi nani atanishika?


Alhamisi, 20 Machi

Nyumba sita. Hakuna jipya. Injinia anakohoa kwa vumbi la watu, nimempikia maji ya tangawizi. Kaniita mama mara mbili bila kuongeza Funguo. Vitu vidogo hivi ndivyo vinavyonitesa.


Jumamosi, 22 Machi

Nagusa ukuta kila asubuhi baada ya swala. Laini. Mkavu. Naanza kusema labda. Labda Mwenyekiti ana haki, labda mimi ni mwoga tu.

Mama kaniona. Kaniuliza, unamtafuta nani humo ukutani?


Jumatano, 26 Machi

Unywele.

Nimeuona wakati namvalisha Mama soksi, jua la asubuhi likiwa limelala ukutani. Kutoka pale lilipo jiwe la katikati la tao, kwenda kulia. Mwembamba, unaweza kusema unywele umenasa kwenye rangi. Nikaupangusa kwa kitambaa. Haukutoka. Nikapangusa tena kama mwendawazimu.

Mita thelathini na sita zimebaki. Injinia alishaniambia zamani, udongo hauanzi kukaa Fuko akifika, unaanza akikaribia.

Ukumbini cherehani arobaini zinakimbia. Nilikaa kitandani kwa Mama nikaweka kiganja ukutani. Sijui ni zenyewe nilizozihisi au ni mshipa wangu.

Mama akasema, umerudi eti?

Nikasema nini, Mama?

Ufa wako.

Anajua! Alijua siku zote kwa nini niliupaka. Nikamwuliza, mbona hukuwahi kusema? Akasema, ningesema ili tulale wapi?

Ameniambia na uso umetulia, anavuta soksi yake iliyokaa upande. Mimi niliona nawalinda yeye na wenzangu arobaini kwa kunyamaza, kumbe yeye alikuwa ananilinda mimi kwa kulala chini ya ukuta.

Kesho asubuhi naenda. Siombi ushauri kwa Mwenyekiti. Ya Rabbi, nipe ulimi.


Alhamisi, 27 Machi

Nipo kwenye kizingiti, kati ya ukumbi na chumba chetu. Naandika kwa sababu mikono imekosa kazi.

Nilimkuta Injinia kwenye kontena lao la ofisi saa mbili. Nikamwambia nimesimama, sikukubali kiti. Ufa, Januari, chokaa, kisu cha mezani, kila kitu. Sikumtaja Mwenyekiti. Nilitaka anigombeze. Ningeshukuru. Yeye akafunga kompyuta, akauliza matatu tu: ulikuwa na upana gani, ulifika wapi juu, na nani analala pale. Nikasema mama yangu. Akachukua helmeti yake. Njiani alikuwa anatembea haraka na kila baada ya hatua chache anageuka kuona kama nipo.

Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko — kisha pah, sauti ya mtungi mtupu. Akakwangua kiraka changu kwa patasi. Kikatoka kipande kizima, kizuri, kama gamba la yai. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu kontena. Mama, kazi yako safi sana, alisema, ndiyo maana hawakuona. Nikaona machozi yamemlengalenga. Sijui ya hasira au ya nini.

Milimita sita juu, mbili kwenye jiwe. Ardhi moja, ufa mbili, tao moja. Nne. Sawasawa na Fundi Saa.

Nikamwambia, wasimamishe Fuko! Bado mita ishirini na nne! Akatikisa kichwa. Fuko akisimama udongo unaendelea kukaa juu yake, tena vibaya zaidi. Kusimama kwake kunadhuru kuliko kupita kwake. Kilichobaki ni kuegemeza tao na kutoa watu, na kuegemeza kuwe leo, si kesho. Akabandika kipimo juu ya ufa, viplastiki viwili vinavyopandana, vimechorwa miraba kama daftari la hesabu, msalaba mwekundu kwenye sifuri. Halafu simu. Simu na simu.

Wanawake wakatolewa. Hakuna aliyepiga kelele, hilo ndilo lililonitisha. Cherehani wanazibeba wawili wawili, mashati yamefungwa kwenye mashuka, vifungo ndani ya makopo. Mmoja alinipita akasema, Mama Funguo, ungetuambia hata kwa kunong'ona. Mwingine akasema mwache, naye ana mama. Msururu mzima kwenye barabara, na cherehani kweli zipo barabarani, kama alivyosema Mwenyekiti.

Yeye alifika mwisho. Akautazama ule ufa ulio wazi. Injinia akawa anajaza fomu, akauliza, kwa ajili ya ripoti: aliyeziba nani, na aliagizwa na nani?

Mwenyekiti alikuwa anakunja kitambaa. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Nikasema niliziba mimi.

Uliagizwa?

Mama akadakia kutoka kitandani: andika na mimi. Nilimshikia taa.

Nikasema, Mama, ilikuwa mchana.

Basi nilimshikia mchana! Andika.

Injinia alikaribia kucheka, akajizuia, akaandika kitu ambacho sikukiona. Mwenyekiti akaweka kitambaa chini. Akashika upande mmoja wa meza yake ya kukatia, akanitazama nishike upande wa pili. Nikashika. Tukaitoa nje sisi wawili. Alipoitua akabaki ameegemea pale, chaki bado sikioni.

Wabeba nguzo wamefika saa sita na nusu. Wanaume wanne, mbao nene na vyuma vya kukaza. Nguzo mbili za kwanza zinatakiwa kusimama chini ya tao, pale pale kilipo kitanda. Injinia akapiga goti mbele ya Mama, akamwambia bibi, tunakupeleka mahali, kuna kitanda, hakuna unyevu. Mama akauliza, na binti yangu? Injinia akasema naye. Kwa siku ngapi? Injinia akasema mpaka Fuko apite na ukuta utulie. Na baada ya hapo?

Injinia ni mkweli. Akasema sijui, bibi.

Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu lake. Akasema haya, naondoka. Ila adhuhuri imeingia. Nitaswali kwanza, katika chumba changu.

Nani angemkatalia? Nikamsaidia kutawadha kwa kopo, nikamkalisha kwenye kiti chake, uso qibla. Mgongo wake kwa tao, ufa juu ya kichwa. Akaanza.

Na sasa tumesimama. Wabeba nguzo wamejipanga mlangoni na mbao mabegani, hakuna anayekubali kumkatiza mtu anayeswali. Mmoja wao jasho linamtiririka hadi kidevuni, hajifuti. Injinia amevua viatu vyake vya chuma, amesimama kwa soksi, anaangalia kipimo. Kiko hatua nne kutoka kwangu. Hata mimi nakiona hapa nilipo. Asubuhi msalaba mwekundu ulikuwa kwenye sifuri. Sasa hauko kwenye sifuri.

Rakaa ya pili. Kisomo kimerefuka, bila shaka ni sura ndefu, Mama ambaye siku zote husoma fupi kwa sababu ya pumzi.

Rakaa ya tatu. Vumbi jembamba limeshuka kwenye bega la kanga yake, limekaa. Hajatikisika.

Ninaijua sheria. Nimeisikia darasani tangu utotoni: swala hukatwa kwa kuokoa roho. Mtu akiwa kisimani anazama, kata, kamwokoe. Wa kuingia ni mimi, si hawa. Kumwekea mkono begani, kumwambia Mama, inatosha. Lakini nikimtoa humo namtoa kwenye chumba cha mwisho tulicho nacho, na yeye anajua, na anajua kwamba najua.

Rakaa ya nne. Tahiyatu. Kidole chake kinatikisika.

Amesalimu kulia. Kushoto. Wabeba nguzo wameinua mbao. Injinia ameingiza mguu mmoja ndani.

Mama ameinua kiganja bila kugeuka. Bado. Amefunga takbira nyingine.

Ni sunna za baada ya adhuhuri, rakaa mbili. Maisha yake yote hajawahi kuziacha. Maisha yake yote hajawahi kuziswali polepole hivi.

Injinia haangalii ukuta tena. Ananitazama mimi.